Kuuza nyumba Mtopanga: tuuze wenyewe ama tumpe ajenti?

BintiMwembe

Assalam aleikum wote na habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuuza nyumba hapa Mombasa manake mimi na mzee wangu tumelizungumza hili jambo usiku na mchana na bado hatujakubaliana. Tuna nyumba Mtopanga, mezoneti ya vyumba vitatu vya kulala, tuliinunua 2014 kwa 5M, baadae tukajenga SQ (kijumba cha mfanyakazi) nyuma, tukachimba kisima na kuweka kabro za uani, risiti zote ninazo zafika kama 1.2M. Tukaishi hapo vizuri tu mpaka kazi ikamtoa mzee Mombasa ikampeleka Nairobi, tukahama wote na watoto na nyumba ikaingia mpangaji, sasa ni zaidi ya mwaka. Kurudi karibuni hatuna mpango kwa hivo tumeamua tuuze tutafute mahali huku.

Tunafikiria 9.5M. Mzee asema ajenti hana haja, 3% ya 9.5M ni 285,000 na hio ni pesa ya karo ya watoto, kwa kazi gani, kupiga picha na kufungua mlango? Dadangu anakaa Bamburi, ufunguo wa geti anaweza kuushika yeye na picha tunazo. Mimi naona mambo si mepesi hivo. Tuko mbali, mnunuzi hatumjui, na dadangu ana duka lake hawezi kuacha kila mtu akipiga simu. Halafu kuna hili lililonitia wasiwasi zaidi, tulikuwa tushaweka neno kwa mabroka wawili watatu kwa mdomo tu, juzi naingia Facebook naona picha za nyumba yetu, sebule yangu mwenyewe na mapazia yangu, mtu nisiyemjua yuwaiuza 12M. Jirani naye aniambia kuna mwengine aliyekuja na mteja akamwambia ni 8M "mwenyewe ana shida ya pesa". Sisi hatuna shida ya pesa!

Waliouza wenyewe, mlifanyaje? Na waliompa ajenti, alistahili hio pesa? Hati imeandikwa jina la mzee peke yake kama hilo lina maana.

MzeeWaKisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi niliuza nyumba yangu Kisauni bila ajenti na ikibidi leo niuze nyengine ntauza vile vile, lakini nisikilize vizuri kwa sababu hali yangu na yako si moja.

Kwanza sikuanza na bei ya jirani. Jirani akikwambia 11M ajua yake itapanda na yako ikipanda, broka akikwambia 8M ajua ataiuza haraka. Nilimlipa mthamini mwenye leseni akaja akapima akaandika ripoti, akaweka na nyumba zilizouzwa karibu na pale zilienda kwa bei gani KWELI, si bei zilizobandikwa Facebook. Ile ripoti ndo ilinipa nguvu ya kusema bei na kusimama nayo. Mtu akisema "mzee punguza 2M" namuonyesha karatasi, hatubishani.

Pili nilikuwa nakaa humo humo. Hili ndo kubwa. Mteja akipiga simu Jumapili alasiri nasema njoo, anakuta nyumba imefagiwa, anauliza maji namfungulia mfereji aonje mwenyewe. Na Mombasa swali la kwanza ni maji, kabla hata ya bei. Kisima ni maji ya chumvi au matamu, ya mfereji yaja mara ngapi kwa wiki, tangi lita ngapi. La pili ni hizi kuta zetu, chumvi ikipanda rangi yababuka, mnunuzi wa bara akiona vile adhani nyumba yaanguka. Mimi mwenyewe niliweza kumweleza ni unyevu wa pwani na fundi alishapiga plasta upya ule upande. Mtu wa kufungua mlango tu hawezi kujibu hayo, atasema "sijui ntakuulizia" na mteja ameshaondoka moyoni.

Tatu mnunuzi alitoka msikitini. Nilitangaza kwa watu tunaoswali nao na kwa majirani kabla ya kutangaza mtandaoni, na aliyenunua ni shemeji ya jirani. Mtaa wetu watu wapenda kukaa karibu na watu wao, hio ni marketi ambayo ajenti wa Nyali haijui hata kidogo.

Ila nikwambie ukweli inachosha. Nilibandika getini NYUMBA YAUZWA NA MWENYEWE, MABROKA MSIPIGE SIMU na waliopiga simu wengi walikuwa mabroka. Wengine wajifanya wanunuzi, waja wapiga picha, jioni nyumba iko mtandaoni. Nilikuwa na subira kwa sababu nimestaafu. Wewe una watoto na uko Nairobi, jiulize hizo simu utazipokea saa ngapi.

AjentiPwani

Dada BintiMwembe, mimi ni ajenti, niseme mapema ili ujue naongea kutoka upande gani. Nimesajiliwa na EARB, bodi ya kusajili maajenti wa nyumba, na kazi hii ndo inalisha wanangu.

Kilichoharibu mambo yako si kuuza mwenyewe wala kumpa ajenti. Ni hio ya katikati, kuweka neno kwa mdomo kwa watu wawili watatu. Hapo hujauza mwenyewe na huna ajenti. Kila broka yuwampa mwenzake, mwenzake yuwampa mwengine, na kila mmoja anaweka cha juu chake, ndo 9.5M inafika 12M. Na yule wa 8M anataka kuvuta mteja aje kwake kwanza halafu apandishe. Mnunuzi wa kweli akiona nyumba moja kwa bei tatu tofauti anaiogopa, anadhani kuna kesi au hati si safi, na nyumba ikikaa sokoni hivo watu wanaanza kuuliza ina kasoro gani. Kazi ya kuisafisha jina tena ni ngumu kuliko kuiuza mara ya kwanza. Kwa hivo leo hii, kabla hujaamua lolote, waandikie wote ujumbe kwa WhatsApp, si simu, kwamba hawana ruhusa ya kutangaza tena na watoe picha. Lile tangazo la Facebook liripoti.

Sasa kuhusu hio 285,000. Sheria ya maajenti wa nyumba Kenya, Sura ya 533, yasema mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hii, ni kosa kabisa. Kwa hivo atakayekuja kwako muulize cheti cha bodi na leseni ya mwaka huu, akianza kuzungukazunguka achana naye. Aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza akikudanganya, na una mahali pa kumshtaki.

Kazi yenyewe haiko mlangoni. Iko kwenye kuchuja. Watu kumi wakiuliza, wenye pesa au waliokwisha kuongea na benki ni wachache sana, waliobaki wanaangalia tu, na kujua nani ni nani kabla hujapoteza Jumamosi yako ndo ujuzi. Mimi mteja akisema ananunua kwa mkopo naitisha barua ya benki ya kwanza kabla ya kumpeleka kuona. Mnunuzi wa benki si mbaya, lakini pesa yake inachelewa na muuzaji lazima ajue tangu mwanzo asije akaweka dipositi ya nyumba nyengine akitegemea tarehe ambayo haitafika. Pia nina orodha ya watu walioko Ulaya na Gulf wanaotafuta Bamburi na Mtopanga, hao hawapiti barabarani kuona bango lako.

Mambo ya kuandika ukimpa ajenti: apewe peke yake kwa muda maalum, mfano miezi mitatu, isiwe milele. Bei ya kutangaza na bei ya chini kabisa unayokubali. Komisheni asilimia ngapi (3% ndo watu wengi wanaanzia, inazungumzika, kwa nyumba yako mimi ningekubali kuzungumza) na kama VAT ya 16% iko ndani au juu, manake ikiwa juu 285,000 yako inakuwa 330,600 na watu hushtuka dakika ya mwisho. Na komisheni inalipwa mauzo yakikamilika, usimpe mtu "pesa ya kutangaza" kwanza.

Mzee wako asiponikubali si neno, lakini msiache hali ilivo sasa.

BintiMwembe

Ahsanteni sana wallahi. MzeeWaKisauni lile la maji umenigusa, kisima chetu ni cha chumvi kidogo na hakuna hata broka mmoja aliyewahi kuniuliza. AjentiPwani nimeshatuma ujumbe, mmoja ametoa picha mwengine hajajibu. Kuna mmoja kati yao ananisukuma nimtumie nakala ya hati kwa WhatsApp asema mteja wake hawezi kuja bila kuiona. Nimtumie? Na kuna mtu kaniambia tukiuza KRA, watu wa kodi, watachukua 15% ya 9.5M, hio ni zaidi ya milioni, mzee amesikia hivo amekasirika asema bora tusiuze.

KaraniWaWakili

Bi mkubwa usimtumie. Subiri kwanza.

Nafanya kazi kwa ofisi ya mawakili hapa mjini, mambo ya uhamisho wa ardhi ndo yangu ya kila siku, na mengi yanayoharibika yanaharibika kabla hayajafika kwetu. Nakala ya hati ni kweli mnunuzi aihitaji, bila hio hawezi kufanya sachi ofisi ya ardhi akaona nani mwenyewe na kama kuna benki imeshika au kuna zuio. Lakini anapewa mnunuzi anayejulikana jina, kupitia wakili wako, si broka kwa WhatsApp. Hati za uongo hutengenezwa kutoka nakala nzuri kama hio. Fanya sachi wewe mwenyewe sasa, uwe nayo mpya mkononi, na nakala yoyote utakayoitoa andika juu yake kwa kalamu "ya sachi peke yake" na tarehe. Hati ya asili isitoke mkononi mwako isipokuwa kwenda kwa wakili wako, na wakili wako haiachilii mpaka pesa iwe imelipwa au wakili wa mnunuzi ameandika ahadi rasmi ya kuilipa. Hapo uwe na ajenti usiwe naye ni sawasawa, wakili lazima, na kila upande awe na wake.

Kuhusu jina la mzee peke yake, ndio lina maana. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 yasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenza, kwa hivo wakili wa mnunuzi ataitisha barua yako ya idhini hata kama jina lako haliko popote kwenye hati. Itayarisheni mapema. Tena angalieni reti za kaunti, cheti cha kuonyesha hamdaiwi lazima kiwepo, na kama ardhi ni ya lizi basi na kodi ya ardhi ya serikali na kibali cha kuhamisha. Nimeona mauzo yakikwama kwa sababu ya reti ambazo mwenye nyumba alidhani mpangaji analipa.

Makubaliano ya mdomo kwenye ardhi hayana nguvu. Sheria ya mikataba ya Kenya kifungu cha 3(3) yataka mkataba wa kuuza ardhi uwe umeandikwa, umesainiwa na pande zote na shahidi ametia saini yake. Kawaida mnunuzi atoa 10% ukisainiwa, kwako ni 950,000, na inakaa kwa wakili wa muuzaji, haikabidhiwi mtu mkononi wala haitumwi M-Pesa kwa broka. Iliyobaki inalipwa siku ya kukamilisha, mara nyingi huandikwa siku 90. Mnunuzi ndo anayelipa ushuru wa stempu, mjini kama Mtopanga ni 4%, na serikali hutuma mthamini wake kwa hio, kwa hivo msikubali mtu akiwaambia muandike bei ndogo kwenye mkataba ili apunguze ushuru. Hilo linawarudia nyinyi.

Sasa hio 15%. Mzee apoe. Ni 15% ya FAIDA, si ya bei. Hio kodi ya faida ya kuuza mali ilikuwa 5% iliporudishwa 2015 na ikapanda kuwa 15% kuanzia Januari 2023. Chukua 9.5M, toa 5M mliyonunulia, toa ushuru wa stempu mliolipa wakati ule, 4% ya 5M ni 200,000, toa 1.2M ya SQ na kisima na kabro kama risiti mnazo. Inabaki 3.1M, 15% yake ni 465,000. Na hapo bado hujatoa gharama za kuuza, wakili, matangazo, na KOMISHENI YA AJENTI. Hili watu wengi hawalijui. Ukimlipa ajenti 330,600 kwa risiti halali faida yako inashuka mpaka 2,769,400 na kodi inakuwa 415,410, yaani kodi imepungua 49,590. Broka wa mdomo ambaye anapokea pesa taslimu bila karatasi hio pesa yake huwezi kuitoa popote. Kwa hivo mkihesabu nani ghali hesabuni na hilo.

Kama mngekuwa bado mnaishi humo mngesamehewa yote. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla tu ya kuuza haitozwi. Kwa vile mmeweka mpangaji sioni kama mtapita hapo, lakini muulize wakili wako akuangalie tarehe vizuri. Na kwa sababu mpangaji anawalipa hakikisheni kodi ya KRA ya kila mwezi juu ya hio pesa ya kupangisha, 7.5% tangu Januari 2024, iko sawa, maana PIN ya mzee itafunguliwa wakati wa uhamisho.

Hali_Halisi_Msa

Mimi nawapinga wote wanaosema ajenti. Nimekaa na hawa watu. Mtu anakutoza "pesa ya kuona nyumba", anakupeleka kuona nyumba ambayo ilishauzwa, kesho yuwamtoza mwengine pesa ile ile kwa mlango ule ule. Kuna mamangu mmoja Likoni alimpa broka dipositi mkononi kwa sababu alikuwa na beji shingoni na tai, mpaka leo yuwamtafuta. Na wenye nyumba nao wanaambiwa mteja amesema 7M kumbe mteja amesema 8M, moja imeingia mfukoni. Dada uza mwenyewe, mpe dadako kitu kidogo kila akifungua mlango, mlipe wakili na mthamini, basi. Hio 330,600 nunua tiketi za SGR uje mwenyewe mara kadhaa na bado utabaki na nyingi.

AjentiPwani

@Hali_Halisi_Msa yote uliyoyasema yapo na mimi yananiuma kuliko wewe kwa sababu watu wakituona wote ni wamoja. Ndo maana nasema cheti na leseni. Na ile ya kuficha bei ya mteja ina dawa rahisi, ofa yoyote iandikwe na mnunuzi mwenyewe na itumwe kwa wakili wa muuzaji moja kwa moja. Ajenti anayekataa hilo muache.

MajengoYetu

Niingilie kidogo kwa sababu kila mkiongea nyumba mwaongea nyumba zenye hati. Sisi wa Majengo nyumba ni yetu ardhi si yetu, twalipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, tangu babu zetu. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati. Tulipouza ya marehemu baba hakuna ajenti wa ofisi aliyetaka hata kuja kuangalia, wanasikia "nyumba bila ardhi" simu inakatika. Na benki pia haikopeshi mnunuzi kwa nyumba kama hio kwa hivo mnunuzi ni wa pesa taslimu tu.

Hapo kuuza wenyewe si kuchagua, ndo njia iliyopo. Tulianza kwa Kadhi kujua warithi ni nani na fungu la kila mmoja, manake dada zetu wawili wako Lamu na mmoja hakutaka kuuza mpaka tulipokaa naye. Halafu tukaenda kwa mwenye ardhi na risiti za kodi ya kiwanja, tukampa habari ya mnunuzi, akakubali kumpokea na kumwandika kwenye daftari lake. Bila hilo mnunuzi amenunua mawe na mabati. Wakili akaandika mkataba wa nyumba, ikatajwa wazi kuwa ardhi haimo. Wazee wa mtaa walikaa mashahidi. Mtu yeyote anayeuza ya namna hii asimruhusu broka aandike "plot inauzwa", hapo ndo kesi zinapoanzia.

Na kama mali ni ya wakfu msijaribu kabisa, hio haiuzwi.

BintiMwembe yako ina hati mshukuru Mungu, fuata aliyosema karani.

MpwaniDallas

Salaam kutoka Texas. Watu wengi husema huku Marekani kila kitu kinapita kwa ajenti, ni kweli lakini sababu zake ni tofauti na zenu. Huku maajenti wana mfumo wao wa pamoja wa orodha, nyumba ikiingia humo kila ajenti wa mji anaiona kwa bei moja, picha moja. Lile la nyumba moja bei tatu haliwezekani kirahisi. Kwa mazoea muuzaji alikuwa analipa maajenti wa pande zote mbili, jumla 5 mpaka 6%, watu wakalalamika wakaenda kotini, chama chao cha NAR kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni, na tangu Agosti 2024 mnunuzi lazima asaini mkataba na ajenti wake kabla ya kuonyeshwa nyumba na wajue malipo ni kiasi gani. Hapo ndo muuzaji ana nafasi ya kusema mimi sitamlipa ajenti wako.

Kwa hivo hio 3% yenu si kubwa kama mzee anavodhani. Tatizo la Mombasa ni kwamba hamna hio orodha moja. Ukiuza mwenyewe au ukimpa ajenti mmoja unajitengenezea kitu kama hicho, chanzo kimoja cha bei. Mimi nilinunua Shanzu nikiwa huku, na niliichagua ile nyumba kwa sababu ilikuwa na namba moja ya simu, na aliyepokea alijibu maswali yote na kunitumia video ya mfereji ukitoa maji. Nyengine nilizoziona zilikuwa na namba nne tano, kila mmoja na hadithi yake, nikaziacha.

BintiMwembe

Mungu awalipe kheri. Nimemsomea mzee yote, ile hesabu ya karani ameisoma mwenyewe mara mbili na hasira imeshuka. Tumekubaliana hivi, tunamlipa mthamini kwanza, sachi na cheti cha reti, barua yangu ya idhini kwa wakili. Halafu tutauza wenyewe mpaka Desemba manake huo mwezi sote tutakuwa nyumbani likizoni na wageni wa bara wako mjini wengi, tutakuwepo kufungua mlango na kujibu ya maji. Mabroka hakuna tena. Ikifika Januari haijaenda tunampa ajenti mmoja kwa karatasi. Mpangaji nimemuambia mapema, ni mtu mzuri, amesema atatuachia tuje kuonyesha watu wikendi.

Swali la mwisho tu. Hawa watakaokuja Desemba wakaona nyumba kupitia sisi, mmoja wao akirudi Machi baada ya ajenti kushika kazi, komisheni tunalipa au hatulipi?

AjentiPwani

Mkilala kimya mtalipa, au mtagombana. Andikeni majina na namba za simu za kila aliyekuja kuona Desemba, na siku mnayompa ajenti barua ya kazi hio orodha iambatanishwe na asaini kwamba hao akinunua mmoja wao kwa muda mtakaokubaliana, mfano miezi mitatu, yeye hana dai. Ajenti mzuri atakubali, pengine ataomba kitu kidogo kwa kazi ya kufuatilia makaratasi. Na upande wa pili, yeye naye akimaliza muda wake akupe orodha ya aliowaleta, ukimuuzia mmoja wao wiki mbili baadae komisheni ni yake. Wekeni vyote viwili kwenye barua moja.

KaraniWaWakili

Na hio barua mletee wakili aisome kabla mzee hajasaini. Mpangaji naye mpeni notisi kwa maandishi kulingana na mkataba wake wa kupanga, usitegemee mazungumzo, mnunuzi akitaka nyumba tupu siku ya kukamilisha halafu mtu yumo ndani, zile siku 90 zitawageukia nyinyi. Dipositi ya mpangaji mtamrudishia nyinyi, au ikabidhiwe mnunuzi kama anabaki naye, iandikwe ni ipi.